Nimegeuza rangi zote za programu yangu, sasa deni halisomeki

*Swali: Jambo fundi. Natengeneza programu ya daftari la madeni kwa wenye depo za unga na wenye kabini za pesa za simu hapa Lubumbashi. Natumia Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu. Wateja waliniomba mandhari meusi kwa sababu usiku, kurant (umeme) ikikatika, wanahesabu pesa na mwanga wa skrini unawachoma macho. Nikaandika msimbo unaogeuza kila rangi: nyeupe inakuwa nyeusi, nyeusi inakuwa nyeupe, na nyingine vivyo hivyo. Malalamiko yameongezeka. Rangi yetu ya shaba imekuwa buluu. Nilipoirudisha kwa mkono pamoja na nyekundu ya deni, deni likawa halisomeki. Logo imepotea. Papa mmoja wa mtaa wa Katuba anasema herufi zinamtawanyikia. Mama mmoja wa soko la mtaa wa Kenya, hapahapa mjini, anasema mchana haoni kitu. Rafiki yangu ananiambia niweke nyeusi tupu ili betri idumu. Je, nitengeneze programu mbili? Na hizo rangi mtu anazichagua vipi?*

Ndugu yangu, programu moja inatosha. Hata msimbo wa kugeuza rangi unaweza kuufuta leo. Wateja wako wote wanasema kweli, ila kila mmoja anaeleza ugonjwa wake: shaba na deni ni habari ya hesabu ya mwanga, herufi za papa ni habari ya jicho, mama wa sokoni anapambana na jua, na rafiki yako anazungumzia aina ya skrini ambayo huenda wateja wako hawana. Ukitafuta dawa moja ya yote hutaipata. Kwa hiyo twende moja baada ya nyingine, tukianza na hesabu, maana ndiyo inayobeba mengine.

Rangi kwenye skrini ni namba tatu, nyekundu, kijani na buluu, kila moja kutoka 0 hadi 255. Kugeuza ni kutoa kila namba kutoka 255. Tuseme shaba yenu ni #A8501F, yaani namba hizo tatu zilizoandikwa kwa tarakimu za msingi wa kumi na sita, mbili mbili. Ukiigeuza unapata #57AFE0, buluu ya anga kabisa. Msimbo wako ulifanya ulichouagiza bila kosa. Kosa ni kudhani kwamba mandhari meusi ni mandhari meupe yaliyopinduliwa. Mandhari meusi ni seti nyingine ya rangi, inayochaguliwa na kupimwa upya, ambayo inatakiwa kufanya kazi zilezile.

Kipimo chenyewe kinaitwa kontrasti, na kanuni yake iko kwenye WCAG, miongozo ya shirika la viwango vya wavuti la W3C ya kufanya skrini zitumike na watu wote. Mwangaza unapimwa kutoka 0 ya nyeusi tupu hadi 1 ya nyeupe tupu. Unachukua mwangaza wa rangi iliyo angavu zaidi, unaongeza 0.05, unagawanya kwa mwangaza wa ile iliyo hafifu ukiongeza 0.05 pia. Nyeupe tupu juu ya nyeusi tupu inatoa 21. Rangi juu ya rangi hiyohiyo inatoa 1. Maandishi ya kawaida yanahitaji angalau 4.5. Maandishi makubwa, yaani pikseli 24 na kuendelea, au karibu 19 yakiwa ya kukoza, yanaruhusiwa 3. Aikoni zenye maana na mipaka ya sehemu za kujaza zinahitaji 3 pia. Viwango havibadiliki kwa sababu mtu amezima taa: ni hivyohivyo kwenye mandhari yote mawili.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba katika hesabu ya mwangaza zile namba tatu hazina uzito sawa. Kijani kinabeba 0.7152 ya mwangaza, nyekundu 0.2126, buluu 0.0722 tu. Ndiyo maana nyekundu na buluu zilizokoza huonekana vizuri kwenye karatasi nyeupe lakini huzama kwenye giza: zenyewe ni rangi za giza, hata kama macho yetu huziona kali. Chukua nyekundu #B3261E, inayotumika sana kuonyesha kosa au deni. Juu ya nyeupe inatoa 6.5, safi. Juu ya #121212, nyeusi laini inayotumika sana kama usuli wa mandhari meusi, inashuka hadi 2.9. Shaba yako inatoka 5.5 inakwenda 3.4. Hapo deni lazima lipotee.

Mtu anayekutana na tatizo hili mara ya kwanza hukimbilia nyekundu kali, #FF0000. Kwa namba inapita, inatoa 4.7. Lakini jaribu kusoma orodha ya madeni kumi na tano kwa rangi hiyo juu ya giza: herufi zinaonekana kama zinatetemeka kingoni, na baada ya dakika chache umechoka. Kwenye giza tumia rangi iliyopauka na kuongezwa weupe. #F2B8B5 inatoa karibu 11 juu ya #121212. Ukiitazama peke yake utasema ni waridi. Iweke kwenye usuli wake mweusi, jicho litaisoma kama nyekundu.

Njano ina tabia ya kinyume. #FFC107 ya maonyo inang'aa vizuri kwenye giza, 11.5, halafu kwenye nyeupe inatoa 1.6, yaani hakuna kitu. Kwa hiyo si kweli kwamba mandhari meupe ndiyo ya asili na meusi ndiyo yenye shida. Kila upande una rangi zake zinazokufa.

Mtego mwingine uko kwenye vitufe. Kitufe chako cha shaba kina maandishi meupe, na mchana yako sawa kwa 5.5. Usiku umeipausha shaba hadi #F0B48A ili ionekane. Maandishi meupe yakibaki juu yake, kontrasti ni 1.8. Kitufe cha shaba iliyopauka kinataka maandishi ya giza, kwa mfano kahawia #3A1A05, ambayo inarudisha 8.7. Rangi haichaguliwi peke yake. Inachaguliwa pamoja na kitakachokaa juu yake.

Hapo ndipo swali lako la programu mbili linapojibiwa. Ndani ya msimbo usiandike popote "nyeupe" wala "kijivu cha tatu" wala #A8501F. Andika kazi: usuli, uso wa kadi, maandishi makuu, juu ya kuu (yaani kinachokaa juu ya rangi kuu), deni. Kila kazi ina thamani mbili, moja ya mchana na moja ya usiku. Skrini zako zinauliza kazi, na mandhari ndiyo yanayojibu kwa rangi. Kwa daftari la madeni kazi kumi na moja zinatosha kuanzia. Hizi nimezipima; mchana uko kushoto, usiku kulia:

usuli: #FAFAFA, #121212
uso wa kadi: #FFFFFF, #1E1E1E
uso wa menyu na dirisha dogo: #FFFFFF, #2A2A2A
maandishi makuu: #1F1F1F, #E6E6E6
maandishi ya pili: #5F5F5F, #A8A8A8
mpaka wa sehemu ya kujaza: #8A8A8A, #6B6B6B
kuu, yaani shaba: #A8501F, #F0B48A
juu ya kuu: #FFFFFF, #3A1A05
deni: #B3261E, #F2B8B5
imelipwa: #1B6E3A, #8FD6A6
onyo: #7A5200, #FFD27A

Tazama nyuso tatu za kwanza. Mchana, kadi inajitenga na usuli kwa kivuli. Usiku kivuli hakionekani, kwa sababu hakuna kitu cheusi zaidi ya giza kinachoweza kuanguka hapo. Kwa hiyo usiku kimo kinaonyeshwa kwa weupe: kitu kikiwa juu zaidi, kinakuwa na mwanga zaidi kidogo. Ndiyo sababu usuli si nyeusi tupu, ili pabaki nafasi ya kupanda. Ila kumbuka kwamba kila ngazi unayopanda inakula kontrasti. Maandishi ya pili #A8A8A8 yanatoa 7.9 kwenye usuli, 7 kwenye kadi, 6 kwenye menyu, bado salama. Mpaka #6B6B6B unatoa 3.5 kwenye usuli na 3.1 kwenye kadi, lakini kwenye dirisha dogo unaanguka hadi 2.7. Kama utaweka sehemu ya kujaza kiasi cha pesa ndani ya dirisha dogo, mpaka wake uwe #7A7A7A. Kosa la namna hii halikamatwi kwa kutazama, linakamatwa kwa kupima kila jozi mahali inapokaa.

Kwa sababu hiyohiyo epuka kutengeneza kijivu kwa kupunguza ukolezi wa nyeupe, asilimia 60 au 38. Inaonekana ni njia ya mkato nzuri, lakini rangi inayotokea inategemea kilicho chini yake, na siku utakapoweka kadi yenye rangi nyingine hutajua tena umepata kontrasti gani.

Sasa angalia deni na imelipwa za usiku. Juu ya kadi zote mbili zinatoa karibu 9.8. Kwa mtu anayetofautisha nyekundu na kijani hakuna tatizo. Kwa asiyetofautisha, na wapo, zaidi wanaume, zinakaribia kuwa rangi moja. Pesa ya watu haiachwi kwa rangi peke yake. Andika neno "Deni" au "Imelipwa", au weka alama ya kutoa mbele ya kiasi, rangi ije kusaidia tu.

Nije kwa papa wa Katuba. Kwenye mwanga mdogo mboni ya jicho hufunguka, na mboni ikiwa wazi, dosari za umbo la jicho hujitokeza zaidi. Mwenye astigmatizimu, ambaye konea au lenzi yake haikukunjika sawasawa, huona maandishi meupe juu ya nyeusi yakiwa na ukungu pembeni, kama yamemwagika. Usuli mweupe hufanya kinyume: unafunga mboni na picha inakazika. Kwa hiyo yeye hajakosea, na wala si uzee tu. Sehemu yako ya kazi ni kuacha nyeupe tupu juu ya nyeusi tupu. #E6E6E6 juu ya #121212 ni 15, kontrasti tele bila ule ukali. Ongeza ukubwa wa herufi, na heshimu mpangilio wa ukubwa wa maandishi aliouchagua kwenye simu yake badala ya kuuzuia. Kisha mwachie mandhari meupe. Kumlazimisha mtu wa namna hiyo mandhari meusi kwa sababu ni ya kisasa ni kumnyima daftari lake. Na kama herufi zinamtawanyikia hata kwenye gazeti au kwenye kibao cha barabarani, rangi zako hazitamponya. Aende kwa daktari wa macho akapimwe miwani. Mwambie hivyo kwa heshima, bila kungoja toleo jipya.

Rafiki yako wa betri ana nusu ya ukweli. Kwenye skrini ya OLED kila pikseli inawaka yenyewe, na pikseli nyeusi imezimwa. Kwenye LCD kuna taa moja nyuma ya kioo kizima inayowaka muda wote, na pikseli nyeusi ni kama pazia tu mbele ya taa. Simu nyingi za bei nafuu za Tecno, Itel na Infinix ambazo wenye kabini wanazishika zina LCD. Huko mandhari meusi hayaokoi chochote cha maana. Hata kwenye OLED faida inategemea mwangaza uliowekwa: watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima mwaka 2021 wakakuta kuhama kutoka meupe kwenda meusi kunaokoa wastani wa asilimia 3 hadi 9 tu mwangaza ukiwa kati ya asilimia 30 na 50, na asilimia 39 hadi 47 mwangaza ukiwa juu kabisa. Usiku kwenye giza hakuna anayeweka mwangaza juu kabisa. Nyeusi tupu ina dosari nyingine kwenye baadhi ya skrini za OLED: pikseli iliyozimwa huchelewa kuwaka, hivyo ukiisogeza orodha haraka unaona mkia wa uchafu nyuma ya maandishi. Tofauti ya umeme kati ya #000000 na #121212 ni ndogo. Baki na #121212, na mwambie mteja anayetaka betri idumu ashushe mwangaza.

Mama wa soko la Kenya ndiye wa kusikilizwa kuliko wote, maana anafanya kazi saa ambazo pesa inazunguka. Kwenye jua kali la mwezi wa tisa, mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo unaongezeka juu ya kila kitu, juu ya herufi na juu ya usuli. Chukua mfano ambao mwanga unaorudi ni nusu ya mwanga wa nyeupe ya skrini. Badala ya kuongeza 0.05 kwenye kanuni unaongeza 0.5. Maandishi makuu ya mchana juu ya kadi nyeupe yanashuka kutoka 16.5 hadi 2.9, ya usiku juu ya usuli kutoka 15 hadi 2.6. Yamekaribiana, wote wanateseka. Lakini maandishi ya pili ya mchana yanabaki 2.4 na ya usiku yanafika 1.8. Hayo ndiyo yaliyozama. Na kama ulifanya kama wengi wanavyofanya, basi tarehe ya deni na jina la mdaiwa umeyaweka kwenye kijivu hicho. Ongeza kwamba skrini nyeusi kwenye jua ni kioo cha kujitazamia: anaona parasoli yake na uso wake kabla ya namba.

Kuna mambo matatu ya kufanya hapo. Kiasi, jina na tarehe viwe maandishi makuu kwenye mandhari yote mawili, kijivu kibaki kwa maelezo ambayo mtu anaweza kuyakosa bila hasara. Kiasi kiandikwe kwa herufi ya kukoza, hasa kwenye faranga ambako sifuri ni nyingi na mtu akikosa moja amekosea mara kumi. Tena swichi ya mandhari iwe kwenye skrini ya kwanza, juu, mguso mmoja. Usiizike kwenye mipangilio. Mtu anayetoka ndani ya depo lenye giza kwenda nje juani hana muda wa kutafuta menyu. Wengine hupenda kubadilisha mandhari kwa saa, jioni saa kumi na mbili yageuke yenyewe. Kwa wateja wako sishauri: depo lisilo na dirisha ni usiku saa nne asubuhi.

Upande wa Flutter kazi si kubwa, inachosha tu. Tengeneza `ColorScheme` mbili, moja yenye `brightness: Brightness.light` na moja `Brightness.dark`, ukijaza thamani za hapo juu: usuli kwenye `surface`, kadi kwenye `surfaceContainerLow`, dirisha dogo kwenye `surfaceContainerHigh`, maandishi makuu kwenye `onSurface`, ya pili kwenye `onSurfaceVariant`, mpaka kwenye `outline`, shaba kwenye `primary` na `onPrimary`. Menyu ya Flutter inasoma `surfaceContainer`, kwa hiyo ipe thamani ileile ya dirisha dogo. Deni, imelipwa na onyo hazina nafasi yake humo, kwa hiyo ziwekee `ThemeExtension`. Usilitie deni kwenye `error`: ile ni ya makosa ya kujaza fomu, na siku utakapotaka kuzitenganisha utajuta. Kisha kwenye `MaterialApp` weka `theme`, `darkTheme` na `themeMode`.

Kuna njia fupi, `ColorScheme.fromSeed`, unaipa shaba na `brightness` ya kila mandhari, nayo inazalisha seti yake. Si mbaya hata kidogo. Jozi zake zimepangwa ili zisomeke, kwa kuchukua ngazi ya 40 ya mwanga kwa rangi kuu ya mchana na ngazi ya 80 kwa ile ya usiku. Hasara yake ni kwamba shaba itakayotoka haitakuwa hasa ile ya kibao chenu, na rangi za deni na malipo utazitafuta mwenyewe. Kama mwenye kampuni hana shida na rangi kusogea kidogo, anza nayo, utaokoa siku nzima.

Baada ya hapo tafuta kwenye mradi mzima `Colors.` na `Color(0x`, uondoe kila kimoja kilicho nje ya faili la mandhari. Hii ndiyo sehemu inayochosha, na ndiyo inayoamua. Mstari mmoja ulioachwa wa `Colors.black` kwenye skrini ya malipo utazalisha maandishi meusi juu ya meusi, na utayaona siku mteja atakapokupigia.

Toa chaguo tatu: fuata simu, meupe, meusi. Android ilipata mandhari meusi ya mfumo mzima kwenye toleo la 10, mwaka 2019. Mwenye simu ya zamani zaidi huenda hana pa kuyawasha isipokuwa ndani ya programu yako. Hifadhi chaguo lake kwenye simu, ulisome kabla ya `runApp`, si baadaye. Ukilisoma baadaye skrini nyeupe itamulika kwanza halafu igeuke nyeusi, usoni mwa mtu aliye gizani. Mmuliko mwingine unatoka kabla Flutter haijaanza kuchora: upande wa Android, angalia `values-night/styles.xml` na picha ya kufungulia, visibaki vyeupe. Aikoni za juu, za saa na betri, nazo zipewe `SystemUiOverlayStyle` inayolingana, la sivyo zitapotea.

Logo ilipotea kwa sababu ni herufi nyeusi kwenye picha isiyo na usuli. Weka mafaili mawili, au iwekee kibao chake chenyewe chenye rangi. Lakini vipo vitu ambavyo mandhari hayatakiwi kuvigusa kabisa. Picha za risiti na za bidhaa zibaki zilivyo. Msimbo wa QR wa kulipia uwe mweusi juu ya mweupe daima, pamoja na ukingo mweupe wa upana wa vijiraba vinne pande zote, kwa sababu baadhi ya visomaji hushindwa ukigeuzwa. Na karatasi: risiti inayochapishwa au PDF inayotumwa kwa mdaiwa itengenezwe kwa mandhari meupe hata kama mwenye simu yuko kwenye meusi. Ukisahau hili, mtu ataletewa ukurasa mweusi wenye herufi za kijivu, au printa ya wino itamaliza wino wake.

Kupima, Flutter yenyewe ina msaada: kwenye majaribio yako tumia `meetsGuideline(textContrastGuideline)` kwa kila skrini muhimu, mara mbili, kila mandhari kivyake. Inakamata mengi, ingawa haijui jua wala LCD ya bei nafuu. Hivyo baadaye chukua simu ya bei nafuu kuliko zote unayoweza kuazima. Iwashe kwenye chumba cha giza kwa mwangaza wa chini kabisa. Baadhi ya LCD hapo huchanganya #121212 na #1E1E1E kuwa kitu kimoja, na kadi zako zinapoteza kingo. Ikitokea, ongeza mstari mwembamba kuzunguka kadi kuliko kuzipandisha weupe. Halafu toka nayo nje saa sita mchana. Mwisho, kwenye mipangilio ya wasanidi ya Android kuna sehemu ya kuiga upofu wa rangi. Chagua ile inayoondoa rangi zote, uone kama deni na malipo bado yanajulikana.

Yaliyobaki hayafanyiki mezani kwako. Kaa nusu saa na mwenye kabini, umwombe asome kwa sauti deni la tatu kwenye orodha, kiasi na tarehe, kwanza chini ya parasoli na kisha jioni. Usimwulize kama rangi ni nzuri, atakujibu kwa adabu kwamba ni nzuri. Angalia kama ameisogeza simu karibu na uso, kama ameifunika kwa mkono, kama amekosea sifuri. Ukiona wengi wanakosea sehemu ileile na namba za kontrasti zinakuambia kila kitu kiko sawa, tafuta mbunifu wa skrini aje aketi nawe. Pale Esis Salama, chuo cha informatiki, hutakosa kijana wa kukuelekeza kwake. Wakati huo shida itakuwa mpangilio wa skrini, wala si rangi, na hilo mimi siwezi kuliona kutoka huku.